Kombe la Mwanamke wa Karatasi

Wapo wanaokisimulia kisa hiki kwa kukirukaruka, maana wamekiokota njiani. Mimi nilikipata kwa Hafidh mwenyewe, kwake Woolwich, na chai hatukuimaliza.

Disemba ya 1998, saa kumi za jioni, giza la London limekwishafunga. Hafidh akashuka basi kutoka Peckham, chupa kaificha ndani ya koti kama mwizi. Mna kombe humo: aya zilizoandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi ya mawaridi. Shehe Muhiddin alikuwa kamshika mkono mlangoni pake, kule Peckham.

"Anywe lote, Hafidh. Tone lisipotee. Nimemsomea yeye, si mwengine."

Yeye ni Ghalia, mkewe. Tangu mimba yake iharibike alikuwa anapungua kama sabuni. Hospitali walimpima mpaka wakachoka. Damu nzima, moyo mzima, na mtu anakwisha.

Sasa huyu Hafidh, mtu wa Wete, alikuwa fundi wa kuchora. Wallahi akikuchorea nzi, utapunga mkono. Miaka tisa alifagia ofisi za watu, hadi kampuni moja ya vitabu ikampa riwaya kongwe ya Kiingereza, ya bwana wa kasri aliyemfungia mkewe mnarani mpaka akafa akawa mzuka. Aigeuze iwe kitabu cha picha. Mara ya kwanza jina lake likae juu ya jalada!

Ulibaki ukurasa mmoja tu. Mzuka kasimama dirishani. Na kesho asubuhi Priscilla, msimamizi wake pale kampuni, anazitaka kurasa zote.

Rangi ya manjano ikawa imemwishia. Usiku umekwishaingia, maduka yamefungwa. Hafidh akaitazama chupa... Zafarani. Rangi ya shuka ya kale, rangi ya mfupa.

"Kifuniko kimoja tu," akajinong'oneza.

Gauni likatoka zuri ajabu. Akachovya tena, akapaka na mashavu. Fundi akishapata rangi, nani amzuie?

Lililobaki akampelekea Ghalia kitandani.

"Mbona chupa haikujaa?"

"Ndivyo ilivyotoka. Kunywa."

Aliporudi mezani, marashi yalikuwa yamejaa chumba kizima. Karatasi imekauka. Ila midomo ya yule mwanamke ilikuwa imelowa.

Midomo Hafidh hakuigusa.

Akasikia pumzi. Hhh... hhh... Pumzi ya mtu aliyeshiba, aliyelala vizuri. Ilitoka mezani. Ya Ghalia, kule chumbani, ilikuwa inakatika. Hii ikipanda, ile inashuka.

Akafunua ukurasa wa nyuma yake. Midomo imelowa. Akafunua mwingine. Humo pia.

Akampigia shehe simu.

"Shehe, nimelitumia kombe kidogo... kwenye picha."

"Picha ya nani?"

"Mtu hayupo, shehe. Wa kitabuni."

"Umemnywesha asiyekuwapo? Usiguse kitu! Nakuja."

Peckham mpaka Woolwich ni saa nzima. Ghalia saa nzima hakuwa nayo. Miguu ilikuwa barafu, kucha zimegeuka buluu.

Hafidh akateka maji bakulini, akaanza kuosha. Gauni likatoka. Mashavu yakatoka. Jicho moja likatoka. La pili likabaki linamtazama mpaka akalisugua kwa kidole gumba. Akaosha kila ukurasa aliokuwamo yule mwanamke. Arubaini na moja. Miezi minane ya kazi yake ikawa maji machafu.

Akamwinua Ghalia kichwa, akamtilia bakuli mdomoni. "Kunywa, mke wangu."

Akanywa lote. Tone halikupotea.

Shehe alipofika alimkuta Ghalia kakaa, mashavu mekundu, anatafuna mkate. Hakuvuta kiti. "Tumshukuru Mungu," alisema, lakini hakumtazama mara ya pili, na viatu alikwenda kuvivalia kwenye ngazi.

Kazi akapewa mtu mwengine, Hafidh akarudi kwenye ufagio. Anasema hajuti. Analisema mno. Ghalia kanenepa, madaktari wamefurahi. Ila yeye aliyekuwa akiona haya kusema Kiingereza hata dukani, sasa anakimwaga, tena cha zamani, mpaka majirani Waingereza wanakodoa macho.

Wiki moja baada ya usiku ule simu ikalia kutoka Wete. Bi Time, mamake Ghalia. Wakazungumza dakika kumi, Ghalia taratibu, anacheka panapostahili kicheko. Kisha akampa mumewe mkono wa simu, akaenda zake jikoni.

"Hafidh," Bi Time alisema kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kusikiwa huku. "Huyo ananijibu vizuri. Ana adabu kumshinda mwanangu."

"Alhamdulillahi, mama."

"Sasa mwanangu umemweka wapi?"