Maji Chini ya Dizeli

Hasna alisikia kikohozi akageuka haraka, akidhani ni mtoto. Kumbe ni jiko la dizeli. Moto ulitema cheche, ukanywea, ukazimika. Theluji ilikuwa imefunga barabara zote za mlima wa Dinniyeh, na Rimas, binti yake wa miezi miwili, kifua kilikuwa kinamkoroma tangu juzi.

"Maji yameingia kwenye tangi," alisema Naufal, mumewe. "Hayo hukaa chini ya dizeli. Nafungua koki ya chini, yanatoka, basi. Dakika kumi tu."

Koki ilikuwa imeganda. Naufal akachemsha birika kwenye gesi, akalimimina lote juu yake, na maji ya moto yakachuruzika hadi chini, nyuma ya nyumba, kwenye kona isiyopata jua.

"Naufal! Umesema dastur?" Ni mama yake huyo, kichwa dirishani.

Huko kwao humwagi maji ya moto ardhini bila kusema dastur. Ni hodi unayowapigia wale wasioonekana, ili wapishe.

"Mama, na baridi yote hii, jini gani atakaa nje?"

"Ndiyo maana amejibanza hapo, mpumbavu wewe!"

Naufal akacheka, akakinga ndoo. Yakatoka maji ya kutu. Alikinga kidogo kwenye chupa ya jamu, akaitazama kwenye mwanga, aone kama dizeli imeanza kuelea. Maji matupu. Ndoo ya saba hakucheka tena. Ya kumi na tano aliiacha ikafurika, maana tangi zima halikuzidi ndoo kumi, na maji yale yalikuwa ya vuguvugu, yananuka nywele zilizoungua, na huko ndani ya bati la tangi mtu alikuwa akilia kwa sauti ya chini, kama mwanamke anayembembeleza mtoto asiyenyamaza.

Hasna akatoka mbio na Rimas kifuani.

"Baba Rimas, mtoto anapoa! Hebu mtazame mgongo!"

Mgongoni palikuwa na lengelenge jekundu la kuungua, na jiko lilikuwa bado limezimika. Midomo ya mtoto ilikuwa ya buluu.

"Dastur! Dastur!" Naufal alipiga magoti kwenye theluji. Akaanza Ayatul Kursi, ulimi ukamkwama.

"Umechelewa," tangi likajibu. "Wangu ameungua. Wako atapoa."

Jamani, mwanamume mzima akalia. Mama yake alikuwa ameshafika, amejishika ukutani.

"Huyo hafukuziki," alinong'ona. "Ni mzazi, ana uchungu."

Hasna akampa mama mkwe mtoto, akasogea hadi kwenye bati.

"Wako ananyonya?" aliuliza polepole.

Kilio kikakatika. "Ananyonya. Maziwa yangu yamekauka kwa hofu."

Hasna akafungua kifua kwenye baridi ile, akakamua maziwa yake pale pale maji ya moto yalipoangukia. "Dastur," alisema. "Namnyonyesha wako. Niachie wangu."

"Hasna, usiseme hivyo! Hayo ni mapatano!" Mama mkwe alipiga kelele, lakini neno likishatoka halirudi.

Koki ikabwia hewa, ikatoa dizeli safi. Naufal alikimbia kuwasha jiko. Chumba kikapata joto, midomo ya Rimas ikarudia wekundu wake, akalia kwa hasira, akanyonya, akalala. Naufal alimbusu mama yake mikono yote miwili, huku analia na kucheka.

Bibi akamchukua mjukuu, akampakata karibu na moto. Hasna alibaki pale pale kwenye mto aliokalia kunyonyesha, kifua wazi, mkono umepinda kana kwamba amebeba kitu.

"Jifunike, mwanangu. Mtoto amelala."

"Huyu bado hajashiba, mama," Hasna alinong'ona, na machozi yakamtoka. "Na ana meno."