Sauti Isiyo na Mwenyewe

Ilianza na kikohozi. Mchana kweupe, karani wa masjala ya hospitali anaanika nguo uani, akamsikia mkewe akikohoa chumbani. Mkewe alikuwa na wiki sita kaburini.

Alijua kilikotoka. Miaka kumi na moja pale hospitali amewarudisha watu na machozi yao: "Samahani mama, taarifa za mgonjwa hazitolewi, ndiyo sheria." Lakini msiba ulipomfika yeye, alinakili kwenye flashi rekodi za simu zote ambazo mkewe aliwahi kupiga hospitali, akitaja namba ya kadi na kuulizia dawa. Akajitetea kwa vifungu: sheria inawalinda walio hai, na mambo ya nyumbani kwa mtu haiyagusi. Alitaka kumsikia tu, jamani. Nani angemlaumu?

Kikohozi kikawa maneno. Harufu ya dawa ya kupigia deki wodini ikajaa nyumba nzima, na kila alasiri binti yao wa miaka sita, Kidoti, akawa anajifungia chumbani akinong'ona na kucheka peke yake, uji unapoa mezani, mbavu zinahesabika, akiitwa hageuki, na siku aliyogeuka alimtazama babake kana kwamba anasoma jina lake kwenye faili.

Akaitwa mganga, mama mtu mzima asiye na maneno mengi.

"Uliomba ruhusa ya nani?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Marehemu haombwi ruhusa, mama. Sheria inasema..."

"Basi uliiacha sauti haina mwenyewe. Jini ameiokota. Ifute leo, la sivyo atachukua na mtoto."

Karani akachomeka flashi kwenye kompyuta. Akaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta.

"Baba Kidoti," mkewe akanong'ona kutoka ndani ya kompyuta, "usinifute."

Moyo ukampasuka. "Kama ni wewe kweli, niambie, siku ya kwanza kukutana tulicheka nini?"

 Sauti ikajibu, kwa upole uleule: "Namba yangu ya kadi ni nne, sifuri, saba..."

Akafuta huku analia.

Jioni harufu ilikwisha. Kidoti alimaliza uji wote.

"Baba, mama alikuwa anaongeaje?"

Akaitafuta ile sauti kichwani, asiipate. Akainama, akalia kama mtoto. Kidoti akamshika mkono, akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu mzima.

"Namba yangu ya kadi ni nne, sifuri, saba..."

Karani alijua anapaswa kumkimbilia mganga. Akafumba macho, akamwacha aendelee.