King'ora cha Brannock

Kilichoibwa hakikuwa kitu cha kubeba kwapani. Kilikuwa king'ora cha shaba cha kiwanda cha chuma, kirefu kama mtoto wa miaka sita, nacho kilitoweka kwenye nguzo yake ndani ya jumba la makumbusho. Kesho yake meya alikuwa avute kamba yake kufungua kasino, pale pale kiwanda kilipokuwa.

"Wauza vyuma chakavu hao," alisema Konstebo Lindqvist. "Mjini Brannock hapa wameshang'oa hata mifuniko ya mitaro."

Inspekta Odessa Tolliver alichuchumaa penye nguzo. Boliti nne zilikuwa zimefunguliwa, kisha kila moja ikarudishwa kwenye tundu lake na kukazwa kwa vidole tu.

"Mwizi wa chakavu angekata kwa msumeno," alisema. "Huyu ni fundi wa kiwandani. Ndivyo walivyofundishwa, boliti isipotee. Baba hata kitanda changu alikifungua hivi hivi."

"Na hao mafundi wako wapi siku hizi?"

"Makaburini. Wengine Florida. Wa mitambo ya mvuke amebaki mmoja."

Alisema hayo bila kusikia lolote moyoni. Alikulia katika mji uliozimwa tanuri baada ya tanuri, akazoea kutosikia.

Fundi huyo, Ludvik Hruska, walimkuta ndani ya gereji yake, mlango wazi, anakula mkate kwa soseji. King'ora kilisimama kando yake, kimeunganishwa na mtungi wa hewa.

"Umechelewa, binti Tolliver. Soseji imeshapoa."

"Mzee Lud, umekiiba wewe?"

"Nimekichukua."

"Ukauze?"

"Usinitukane nyumbani kwangu!"

"Basi kwa nini?"

Mzee akaweka kisu chini. "Mbali na kubadilisha zamu, kilikuwa kikilia lini?"

"Mtu akifia kazini. Mlio mmoja mrefu."

"Kwa kila mtu. Mslovakia, Mpolandi, mweusi, mweupe. Siku Zeke, baba yako, alipoangukia tanurini, wakubwa walikuwa na wageni, wanunuzi. Wakanifungia mlango wa mitambo. 'Leo hatutaki kelele.' Zeke alinyimwa, halafu kije kililie kasino? Thubutu!"

Odessa aliikumbuka siku ile. King'ora hakikulia, kwa hiyo mama aliendelea kukaanga kambare huku akiimba, mpaka mchungaji alipobisha hodi. Alijitafutia machozi. Hayakuwapo.

"Hewa imejaa?" aliuliza.

"Tangu asubuhi. Nimeogopa kuvuta peke yangu."

"Kituoni utakwenda, mzee wangu. Hilo halibadiliki."

"Najua. Huoni nimevaa viatu vya kutokea?"

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Odessa akavuta kamba.

Mlio ulikuwa mmoja, mrefu. Milango ya mtaa mzima ikafunguka. Wazee wakatoka vibarazani, wakavua kofia, wakageukia kule kilikokuwa kiwanda, ambako hakukuwa tena na mtu wa kufa.

Bibi mmoja akapaza sauti juu ya uzio. "Nani huyo, jamani?"

"Ezekiel Tolliver," alijibu Odessa.

"Maskini! Lini?"

"Nikiwa na miaka tisa," alisema, na sauti ikamkatika.