Kamba ya Pili

Walimwita Kimya tangu mama yake alipofariki, maana maneno yalimwishia. Kila jioni baba alirudi hoi kutoka ziwani, alikobeba mizigo ya watu kwa mashua. Alimwachia Kimya kazi ya kuifunga gatini, akala, akalala. Aliyemsemesha Kimya siku nzima alikuwa mkunga tu, ambaye mashua yake ilifungwa jirani na yao.

"Hujambo, mwanangu? Umekula?" Basi.

Jioni moja Kimya alifua sare yake ya shule, akakosa pa kuianika. Akachukua kamba moja kati ya mbili za mashua. "Kesho nitairudisha," alijiambia.

Usiku ikaja dhoruba. Kulipokucha, kamba iliyobaki ilikuwa imekatika, na mashua yao imeipasua ubavu ile ya mkunga.

Msimamizi wa gati alimwuliza baba, "Ulifunga kamba mbili, kama sheria inavyotaka?"

"Mbili, kama siku zote."

"Basi ulichukua tahadhari. Hii ni dhoruba tu, huwajibiki kulipa."

Mkunga alikumbatia mkoba wake wa kazi, akitazama ng'ambo, ambako mjamzito alikuwa akimsubiri.

Kimya alimtazama mkunga, kisha baba. Je, baba akimchukia? Hakuwa na mwingine duniani. Akapiga moyo konde.

"Ilikuwa moja. Ya pili niliitoa mimi, nikaanikia nguo."

Watu gatini wakamgeukia.

"Kumbe kosa ni la mtoto," mtu alinong'ona.

"Hapana," baba alisema. "Mashua ni yangu. Nilimtwika mtoto kazi yangu, wala sikwenda kuikagua. Nitaitengeneza ya mkunga kwa mikono yangu, na mpaka iwe tayari, nitamvusha mimi."

"Hapo sawa," alisema msimamizi. "Mwenye chombo ndiye mwenye kuwajibika."

Walimvusha mkunga asubuhi ileile. Wakati wa kurudi, baba aliacha kupiga kasia.

"Mwanangu, dhoruba hatuiwezi, lakini kufunga vizuri tunaweza. Tukizembea, hasara ya mwenzetu ni yetu. Nawe ukikosea, sema ukweli kama leo, hata ukiogopa."

Akamsogelea Kimya.

"Tena nimekuacha peke yako mno. Haya, niambie, shuleni kukoje?"

Kimya alifikiri aanzie wapi. Yalikuwa mengi. Akaanza, na walipofika gatini alikuwa bado hajamaliza.