Kikaango cha Kuonjea

Ilikuwa jioni ya Ramadhani. Uani kwa Sibomana, fundi cherahani wa mtaa wa Biryogo, Kigali, wanawake walikuwa wakiandaa futari. Wote walikuwa wamefunga, isipokuwa Mukabalisa, mke wa Sibomana. Alikuwa na mimba changa. Mimba yake ya kwanza ilitoka, na hii aliilinda kama yai.

Kwa kuwa hakufunga, yeye ndiye aliyekuwa ulimi wa nyumba nzima.

"Mukabalisa wee, njoo uonje!" aliita mama mkwe wake, Bibi Nyirahabimana. "Iko chumvi ama haiko?"

Mbele ya Bibi palikuwa na bakuli la nyama ya swala iliyokatwakatwa, ya kutia kwenye sambusa. Ndugu yake Bibi, Rutayisire, alikuwa amemwinda swala huyo kwa kibali huko Kibungo. Aliitia chumvi na kuipitisha moshini ili isiharibike njiani.

Mukabalisa akachota kidogo kwa ncha ya kidole.

"Usiile hiyo!"

Alikuwa Mukandekezi, muuguzi wa zahanati, jirani yao. Alikuja kuomba makaa.

Bibi akakunja uso. "Kwani ina nini, Muganga? Imechinjwa kwa bismillahi. Na moshi imeuona."

"Ni halali, Bibi, wala sibishi. Lakini moshi umeitia harufu tu. Tazama, ndani bado nyekundu. Nyama ya porini huweza kuwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Chumvi na moshi kidogo haviviui. Vingine vikimwingia mama mjamzito, humfikia mtoto tumboni. Mimba inaweza kutoka. Au mtoto huzaliwa na macho mabovu."

Mukabalisa akashika tumbo. "Yebaba we! Na jana nilionja!"

Bibi ndiye aliyemwonjesha jana. Akaketi mkekani polepole.

"Si kila anayeonja huugua," alisema Mukandekezi kwa upole. "Kesho twende kliniki, daktari akuangalie. Ila tangu leo, nyama mbichi isiguse ulimi wako."

"Sasa chumvi tutaijuaje?" aliuliza Bibi. "Wageni waseme nimewafuturisha kuni?"

Mukandekezi akacheka. "Kaanga kidonge kidogo kwanza. Kiive mpaka ndani pasibaki wekundu wala maji ya damu. Hapo ndipo aonje. Kisha pika nyama yote iive vizuri kabla ya kuifunga. Na hicho kisu cha nyama usikatie kachumbari. Kioshe kwanza kwa sabuni na maji ya moto. Ubao pia, na mikono."

Bibi mwenyewe akaleta kikaango kidogo, akakiweka jikoni.

Mukabalisa alikwenda kliniki bila kukosa. Kila baada ya sala, Bibi aliomba dua, akimtaja yeye wa kwanza. Siku ya kujifungua ilipofika, alizaliwa msichana mzima, mwenye macho maangavu. Wakamwita Hawa.

Ramadhani iliyofuata, Mukabalisa alikuwa akinyonyesha, kwa hiyo bado yeye ndiye mwonjaji. Majirani nao walimletea nyama zao.

"Kikaangoni kwanza!" Bibi aliwakemea, mtoto Hawa akiwa mgongoni mwake.

Adhana ilipolia, Mukandekezi alikuwa amekaa nao mkekani. Bibi akamwekea sambusa ya kwanza, ya moto.

"Kula, mwanangu," alisema. "Ulikuja kuomba makaa, ukatuachia mtoto."