Kosa la Mstari wa Kwanza

Foleni ya kujiandikisha ilikuwa imetoka nje ya ukumbi, ikapita mlango wa jiko, ikafika hadi kwenye mabomba ya kunawia mikono. Walimu wa hisabati zaidi ya mia mbili, kila mmoja na begi lake, walikuwa wanaongea wote kwa mpigo, kelele ile ile wanayowakataza wanafunzi mwaka mzima. Katikati ya foleni alisimama mwalimu mmoja mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono inasimama. Mbele yake alikuwa mwanamke mwenye gauni la zambarau na nywele zilizosukwa nyuma, amekumbatia mto wa kukalia.

"Samahani, dada," mwanamume alisema. "Umekuja kusahihisha au umekuja kulala?"

Mwanamke hakugeuka. "Wewe ni mgeni hapa."

"Mwaka jana nilikuwa kituo kingine."

"Huko mlikalia viti. Hapa ni mabenchi, tena mabenchi yenye chuki. Siku ya tatu utaniomba huu mto, na sitakupa."

Hakungoja siku ya tatu. Aliuomba siku ya pili, na alipewa.

Kazi yao ya kusahihisha mitihani ilikuwa na utaratibu wake. Meza moja, walimu saba, kila mwalimu na swali lake. Karatasi ya mtahiniwa inaingia upande huu, inasukumwa kutoka mkono hadi mkono, kila mmoja anasahihisha swali lake kwa kalamu nyekundu. Mwishoni yupo kiongozi wa meza, anayepitia kazi za wenzake kwa kalamu ya kijani. Uongozi huo huzungushwa kila mwaka. Mwaka ule kalamu ya kijani ilimwangukia yule mrefu, na kufika jioni jina lake la nyumbani lilishasahaulika, kila mtu anamwita Kijani.

Mwanamke alipewa swali la tisa, la uwezekano. Kwenye kikao cha kwanza alinyoosha mkono akauliza kama inaruhusiwa kumkata mtoto nusu alama. Ukumbi mzima ulicheka, naye akawa Bi Nusu kuanzia siku hiyo.

Swali lenyewe halikuwa gumu. Mfuko una mipira mitano myekundu na mitatu myeupe. Inatolewa miwili mmoja baada ya mwingine, bila kurudisha. Tafuta uwezekano kwamba yote ni ya rangi moja. Alama sita.

"Bi Nusu," Kijani alimrudishia karatasi moja asubuhi ya siku ya pili. "Huyu umempa sifuri. Kwa nini?"

"Amehesabu mipira tisa. Tano na tatu ni tisa kwako?"

"Si tisa. Amekosa. Lakini angalia mistari inayofuata. Kwa mipira tisa, kila kitu amekwenda sawa. Mchoro wake wa matawi umekaa vizuri, mpira wa pili amepunguza mmoja, mwisho amejumlisha, akapata kumi na tatu juu ya thelathini na sita. Jibu si letu, ila njia ni yetu."

"Jibu bovu ni jibu bovu."

"Kosa ni moja, adhabu ni moja. Mwongozo unasema hivyo. Unamkata alama moja pale alipokosea, unachora mshale kwamba kosa limebebwa, halafu unaendelea kumsoma kwa imani." Aliandika tano kwa kijani, akaizungushia duara. "Mtoto akijikwaa mlangoni, humchapi kila chumba anachoingia."

Bi Nusu aliitazama ile tano. Mwalimu wake mwenyewe wa utotoni hangempa yeye alama kama hiyo. "Hayo maneno uliyasoma wapi?"

"Nimeyatunga sasa hivi ili nikuvutie."

"Hujafaulu," alisema, lakini alikuwa anacheka, na wale watano waliobaki mezani walitazamana. Mapenzi na kikohozi havifichiki, hasa kwenye meza ya watu saba.

Wakati wa chai siku ya nne walikaa kwenye ngazi za maabara, mto katikati yao.

"Una watoto?" Kijani aliuliza.

"Arobaini na watano. Wote darasa moja, na hakuna hata mmoja anayejua kurahisisha sehemu."

"Wa kuzaa, nauliza."

Bi Nusu aliinua kikombe. Kikombe kilikuwa kitupu, akajifanya anakunywa. "Sina," alisema.

Neno moja. Na halikuwa kweli. Alikuwa na binti wa miaka minane, mwenye pengo la meno ya mbele, anayelelewa na bibi yake mtaa wa pili kutoka kituo cha mabasi. Mbele za watu mtoto alimwita mama yake "dada", kwa amri ya bibi. "Yule wa kwanza alisikia mimba akakimbia," mama yake Bi Nusu alikuwa amemwambia. "Huyu atakayekuja, mwache akupende kwanza. Ya mtoto atayajua baadaye." Wazazi wetu wanatupenda, na mapenzi yao nayo yana hasara zake. Wakiwa peke yao jikoni, mtoto alisema "mama", tena kwa sauti ya chini, kama anayeiba sukari.

Usahihishaji uliisha, mapenzi yakaanza kazi. Kijani alikuwa anapiga simu saa saba mchana, wakati wa mapumziko ya shule zote mbili.

"Laazizi, umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nakula sauti yako."

"Utakufa na njaa, mwalimu. Tafuta chakula."

Walitembea Jumapili kwenye bustani ya manispaa, yeye na gauni lake la zambarau kwa sababu Kijani aliwahi kusema analipenda. Alimfundisha Kijani kupika wali usioshikana. Alimuuguza wiki nzima alipovunjika mkono, akawa anakwenda shuleni kwake kumwandikia ubaoni masomo ya mchana. Yote hayo yalikuwa kweli. Mara tatu alifungua mdomo amwambie juu ya mtoto, na mara zote tatu aliogopa kumpoteza, akauliza kitu kingine. Mficha uchi hazai, wanasema; yeye alikuwa ameshazaa na bado anaficha.

Mwezi wa kumi Kijani alimtuma shangazi yake apange siku ya kwenda kwa mama wa Bi Nusu kupeleka posa. Ikapangwa Jumamosi. Alhamisi alasiri Kijani alikuwa kwa mchumba wake, ghorofa ya tatu, juu ya duka la mafundi cherehani. Bi Nusu alikuwa jikoni anaosha mchele. Simu yake ikalia mezani.

"Nipokelee, mpenzi!" aliita bila kufikiri. "Mikono imelowa!"

Kijani aliichukua. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya mtoto wa kike mwenye pengo na kidevu cha Bi Nusu, kidevu kile kile. Chini yake pameandikwa *Mwanangu*. Akapokea.

"Mama!" Sauti ilikuwa inahema, imekimbia kufika kwenye simu. "Mama, nimepata kumi na tisa! Kati ya ishirini! Ya hisabati!"

Kama angenyamaza tu, hadithi hii ingekuwa nyingine. Lakini moyo uliochomwa hauchagui wa kumchoma.

"Umekosea namba," Kijani alisema. "Hapa hakuna mama yako. Usipige tena."

Akakata. Bi Nusu alitokea mlangoni, anajifuta mikono kwenye kanga. "Nani?"

"Mwanao."

Mchele ulibaki kwenye maji. Bi Nusu alilia, akaeleza, akamtaja mama yake, akamtaja yule aliyekimbia. Kijani alikuwa anafunga kamba za viatu.

"Nilikuuliza. Pale kwenye ngazi nilikuuliza, ukaniambia huna."

"Nilikosea. Hapo nilikosea, nakiri. Lakini yaliyofuata yote ni ya kweli! Mkono wako niliuuguza mimi. Jumapili zote zile nilikuwa mimi. Wewe ndiye uliyenifundisha, kosa ni moja, adhabu ni moja. Nisome, basi! Nisome hadi chini!"

"Hii si karatasi ya mtihani."

"Na mimi si mtu wa kupewa sifuri!"

Kijani aliubamiza mlango nyuma yake hadi cherehani za chini zikasimama.

Simu za Bi Nusu hakuzipokea. Ujumbe aliusoma na hakujibu. Jumamosi ilifika, shangazi akiwa ameshavaa, Kijani akamwambia safari imekufa, akamweleza sababu.

"Yaani kosa lake ni kuzaa?" shangazi aliuliza, mkoba begani.

"Kosa lake ni kunidanganya, shangazi."

"Sawa. Mwambie akome. Kisha umwoe." Alivua viatu vyake vya safari. "Ulitaka mke asiye na jana. Nenda kamtafute, ukimpata uniite nimwone."

Hasira ikampa Kijani wiki sita za kujiona ana haki. Zilipoisha, aligundua kwamba saa saba mchana ni saa mbaya kuliko zote. Aliishika simu na kuiweka. Aliona aibu, na aibu ya mwanamume aliyekuwa na hakika ni nzito kuinyanyua. Akajiambia: nitamkuta kwenye usahihishaji.

Alimkuta. Mwaka ule kalamu ya kijani ilikuwa yake Bi Nusu. Kijani akapewa nyekundu, na swali la tisa. Safari hii ilikuwa kete na sarafu. Bi Nusu alikuwa amepungua, amevaa gauni jeusi la mikono mirefu, miwani mipya puani. Ule mto alikuwa ameukalia mwenyewe.

"Mwalimu," alimwita saa nne asubuhi, kwa sauti ya kazi. Alimrudishia karatasi. Kijani alikuwa amempa mtoto sifuri kwa sababu alianza na kete yenye pande tano. Pembeni, kwa kijani, ulichorwa mshale mrefu kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na alama nne zikarudishwa.

Kijani aliutazama ule mshale mpaka macho yakajaa maji. Mwalimu wa swali la nane aliona, akajifanya anachonga penseli.

Wakati wa chai alimfuata kwenye ngazi za maabara.

"Nimekuja kukuomba msamaha."

Bi Nusu aliweka kikombe chini. "Onyesha njia."

Akaonyesha. Aliyapanga yote, kama mtu aliyeyakariri miezi. Kwamba alimhukumu kwa neno moja. Kwamba alibamiza mlango. Kwamba simu kumi na saba alizihesabu zinalia na hakupokea hata moja. Kwamba shangazi alimwambia ukweli na hakusikia. Kwamba anampenda, na mtoto atakuwa mtoto wake.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Kuna hatua umeruka."

Alifikiri. "Ujumbe ulionitumia siku ya kuzaliwa kwangu?"

"Hapana."

"Mama yako? Niliwaacha wameandaa..."

"Wamesamehe." Alimtazama kwa subira ya mwalimu anayetaka mwanafunzi wake afaulu. Alitaka afaulu. Alikuwa anaomba kimoyomoyo aikumbuke mwenyewe. "Alhamisi ile. Ulipokea simu. Ulisema nini?"

Rangi ilimtoka Kijani. Alikuwa ameisahau. Kwa miezi yote hiyo alipokumbuka siku ile, alijikumbuka yeye tu, alivyoumia.

"Mwanangu alikaa mwezi mzima hataki kushika simu," Bi Nusu alisema. "Nikadhani anaumwa. Kisha siku moja namsuka, akaniuliza, 'Mama, ni kweli kule kwako hakuna mama yangu?' Nikamwambia nani kasema? Akasema, mjomba wa kwenye simu."

"Sikujua nasema nini."

"Mimi nilidanganya, ukanikata. Nilistahili. Hata uliponikata zote, nilikaa nasubiri, nikasema atarudi, anajua kusahihisha kuliko mimi. Mungu anajua nilivyokusubiri. Lakini yeye alikosa nini? Alipiga kusema amepata kumi na tisa." Alivua miwani, akaifuta. "Siku hizi ananiita mama mbele ya kila mtu. Nilimwambia bibi yake yamekwisha, hakuna dada tena. Anaita kwa nguvu mno, mpaka sokoni watu wanageuka. Kisha ananitazama kuona kama nitaitika."

"Niruhusu nije nimwombe msamaha."

"Mwandikie. Nitampelekea. Ila usije."

"Hunipendi tena."

"Nakupenda," alisema papo hapo, na ndilo jibu lililomvunja zaidi. "Ndiyo maana nasema usije. Ukija nitakufungulia mlango, na yeye atajua nimekuchagua wewe. Ameshaambiwa mara moja kwamba hana nafasi pale kwangu."

Kengele ya kurudi kazini ililia. Alisimama, akapangusa gauni. Kijani alinyoosha mkono, na Bi Nusu akaushika, akaubana kwa nguvu, akauachia.

Mchana wote Kijani alisahihisha vizuri. Kila kosa lililobebwa alilichorea mshale, na kalamu ya kijani haikuwa na la kuongeza. Kabla ya kuondoka alichana karatasi safi kutoka kwenye daftari lake, akaandika, akakata, akachana nyingine. Mwishowe alimpelekea Bi Nusu iliyokunjwa mara mbili, akasimama kama mtahiniwa.

Bi Nusu aliikunjua. *Hongera kwa kumi na tisa. Hukukosea namba. Mama yako alikuwepo, mimi ndiye niliyedanganya.*

Aliisoma mara mbili, miwani mkononi. Akaikunja tena, akaiweka ndani kabisa ya mkoba, akainama kufunga bahasha za karatasi za siku ile.