Tumbo Gani Lilipasuliwa?

Mimi ni Njiru. Nina bucha hapa mtaa wa Dallas, mjini Embu. Kazi yangu ni kukata, kwa hivyo mtu akisema "kata" ninaelewa. Lakini daktari aliposema atamkata mke wangu tumbo ili apungue, wallahi sikuelewa kitu.

Mke wangu ni Ruguru. Alikuwa na kilo mia moja thelathini na mbili, na sukari iliyokataa kushuka. Kutoka nyumbani hadi buchani alipumzika mara tatu. Watu walimsifu njiani: "Mama Nyaga, umenawiri! Mzee anakulisha vizuri!" Alicheka nao, akafika nyumbani akalia.

"Baba Nyaga," aliniambia, "sukari itaniua kabla Nyaga wetu hajamaliza shule."

"Si upunguze chapati?" nikasema. Ujinga wangu huo. Alikuwa amepunguza kwa miaka sita.

Jirani yetu Zuleka ni mtaalamu wa lishe hospitalini. Ndiye aliyetuketisha chini.

"Hawakati mafuta," alisema. "Wanapunguza tumbo la chakula. Kuna njia kadhaa. Kwa Ruguru watatoa sehemu kubwa, libaki jembamba kama ndizi."

"Halafu anapona?"

"Halafu kazi inaanza. Opareshoni ni msaada, Njiru, si muujiza."

Nilichanganyikiwa. Nilidhani unalala mnene, unaamka mwembamba. Kumbe kabla ya kisu kuna miezi ya vipimo: damu, moyo, hata jinsi anavyopumua usingizini. Aliongea na mshauri kuhusu kula akiwa na mawazo. Wiki mbili za mwisho alikula kidogo sana, vile alivyopangiwa, ili ini lipungue.

"Ini na tumbo vinahusiana wapi?" niliuliza.

Zuleka akacheka. "Wewe na bucha yako yote, hujui ini limelalia tumbo? Daktari anataka nafasi ya kupita."



Walimpasua Nairobi, kupitia matundu madogo. Jioni ile ile wauguzi wakamwinua atembee, damu isigande miguuni. Siku ya tatu tukarudi Embu. Tuliambiwa kwa wiki mbili atumie vya kunywa pekee, mafunda madogo madogo.

Sasa shida ikatoka kwangu. Mama yangu, Kanini, anaishi kijijini Kianjokoma. Sikuwa nimemwambia lolote, niliona aibu. Siku hiyo nikampigia simu, nikamwambia kwa Kiembu kwamba nda ya Ruguru, yaani tumbo, imepasuliwa. Kwetu nda ni nda tu, ya chakula na ya mtoto. 

"Yeye yuko salama?" Mama aliuliza.

"Yuko salama." Akakata simu.

Siku ya sita baada ya opareshoni, Mama alifika mimi nikiwa buchani. Alibeba njahi, yale maharagwe meusi, zilizopondwa na ndizi, na uji mzito wa wimbi. Hicho ndicho chakula tunachompa mwanamke aliyetoka kujifungua.

"Mama, nimeambiwa vya kunywa tu," Ruguru alimwambia.

"Hii ni laini, haina shida. Kula, mwanangu, mwili urudi."

Angekataaje? Mama mkwe amebeba sufuria kutoka Kianjokoma, anakutazama mdomoni. Ruguru akala vijiko vinne.

Niliitwa mbio. Nilimkuta amejikunja sakafuni, anatapika, jasho linamtoka. Zuleka alifika nyuma yangu.

"Amekula nini?" Akaona sufuria. "Ya Rabi! Twende hospitali sasa hivi. Maumivu makali, kutapika kusikokoma, homa, moyo kwenda mbio, kukosa pumzi: ukiona hata moja, hungoji kesho."

Niliogopa sana. Nilifikiri mshono umefunguka na mke wangu anakufa. Alipigwa picha, tukakaa kwenye benchi. Mama alinishika mkono.

"Njiru, niambie ukweli. Mtoto mlimzika wapi?"

"Mtoto gani?"

"Wa Ruguru! Alikuwa na tumbo kubwa. Ukasema limepasuliwa, yeye yuko salama, mtoto hukumtaja. Nimefika, kweli hakuna mtoto. Nikasema nisimwongezee uchungu. Nimpikie tu."

Siku tatu nzima mama yangu alikuwa amemlilia mjukuu ambaye hakuwahi kuwepo. Na kosa lilikuwa langu. Niliona aibu mpaka nikashindwa kumtazama.

Daktari akatoka. Mshono haukuwa umefunguka, chakula kilikwama tu. "Mna bahati," alisema, na hakutabasamu.

Zuleka alimsogelea Mama. "Shosho, tumbo la uzazi halikuguswa. Lile la chakula ndilo bado kidonda. Laini si majimaji. Wiki mbili anakunywa, kisha vya kusagwa, kisha vyakula laini. Cha kawaida ni baada ya miezi miwili hivi, kidogo na polepole, na maji asinywe pamoja na chakula."

"Na mjukuu mwingine?"

"Angoje mwaka mmoja na nusu hivi, mpaka daktari akubali."

Mama alihamia kwetu mwezi mzima. Mgeni akileta chakula, yeye ndiye aliyekipokea mlangoni na kushukuru. Ruguru hakulazimika kumkatalia mtu.

Haikuwa rahisi. Mwezi wa nne baada ya opareshoni nywele zilimtoka, ngozi ya mikono ikalegea. "Sasa hii ni kupona ama kuharibika?" alinililia.  Zuleka alimweleza kwamba nywele hurudi, akamwongezea mayai, samaki na maharagwe, na kumkumbusha vitamini zake ni za maisha. Daktari naye akampunguzia dawa za sukari.

Mwezi wa saba tulienda kanisani Kianjokoma. Ruguru alikuwa ameshusha kilo thelathini na nane. Alipanda mlima wa kufika kanisani bila kusimama, mimi nikihema nyuma yake. Nje ya kanisa mwanamke mmoja alimvuta Mama kando, lakini sauti yake tuliisikia.

"Pole, mama Njiru. Tumeona mkaza mwanao amekonda. Ni ugonjwa gani huo?"

Mama hakunong'ona. "Alikuwa mgonjwa mlipokuwa mnamsifu," alisema. "Sasa ndiyo anapona. Mwenye swali aniulize mimi."

Wanawake wanne walibaki kumuuliza. Mmoja alitaka namba ya Zuleka.